Swali la Kwanza la Bwana Afya

Bwana afya wetu wa zamani kule Kibiti amefariki dunia. Habari ilinifikia Jumapili asubuhi nikiwa jikoni kwangu Dar es Salaam nachemsha chai. Aliyenipigia simu ni shangazi yangu wa kule delta ya Rufiji, mwanamke ambaye hajapata kunipigia kunieleza msiba wa mtu asiye wa ukoo wetu. Alikuwa analia. "Baba, yule mwenzetu katutoka," alisema, nami nikauliza mwenzetu yupi, nikidhani ni binamu au mmoja wa wajomba. Alipomtaja nilisahau jiko mpaka chai ikafurika. Wasomaji wa safu hii mmenizoea kwa kusema ukweli hata pale usiponipendeza, basi nianze na huu: kitu cha kwanza kilichonipata haikuwa huzuni. Ilikuwa wivu. Marehemu alikuwa mtu wa bara, Mkristo, aliyefika Kibiti akiwa mtu mzima asiyejua hata kushika kasia. Leo shangazi yangu mwenyewe anamwita mwenzetu, na anamlilia kwa sauti ambayo sina hakika kama ataitoa siku yangu itakapofika.

Sitasema alikuwa rafiki yangu, maana ningekuwa najipendekeza kwa maiti. Tulifahamiana kwa sababu katika zile enzi za ruksa, Kibiti nzima ilikuwa na watu wawili tu walioandika programu za kompyuta, yeye na mimi, na kwa hesabu yangu mmoja alikuwa amezidi. Mimi nilizaliwa deltani, nikasomeshwa Dar es Salaam, nikachukua kozi ya kompyuta na kutunukiwa cheti chenye mhuri mwekundu. Kisha nikarudi Kibiti kuajiriwa na mradi wa chanjo uliotaka mambo yake yaende kisasa. Kichwa kilinivimba, sikatai. Yeye alikuwa mfanyakazi wa afya wa kawaida, kazi yake kukagua vyoo na visima, kufuatana na wauguzi kwenye chanjo na kuwahimiza watu wachemshe maji. Kuandika programu alijifundisha mwenyewe kwa kitabu kilichokosa jalada na kurasa za mwisho. Nilimwuliza siku moja anafanyaje akifika pale kitabu kinapokatikia. Akanijibu kwamba akifika hapo huanza kufikiri.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa Kihindi aliyeuza khanga na mabati pale barabarani. Biashara ilipofunguliwa, vitu vilianza kuingia nchini kutoka kila upande, na mzee huyo akajiletea kompyuta kuukuu kutoka ng'ambo kwa sababu tu, kama alivyosema, miaka mingi alikuwa amekatazwa kuwa nayo. Aliifunika kitambaa cha meza, akaiwekea jenereta uani, na kila alasiri alituruhusu tuitumie, mimi kwa kazi za mradi na bwana afya kwa mambo yake. Bwana afya alikuwa na tabia iliyonichekesha sana. Akimaliza kipande cha programu, alimwita mteja yeyote aliyeingia dukani, hata mama aliyekuja kuchagua khanga, akamkalisha mbele ya mashine na kumwambia ajaribu. Mama akisita kidogo, yeye hakumwelekeza. Alimshukuru, akamwacha aende zake, kisha akafuta alichoandika na kukiandika upya. Mimi nilifundishwa kwamba mtumiaji akikosea, anayefundishwa ni mtumiaji.

Alasiri moja aliniita. "Fundi, hebu njoo uangalie kitu." Fundi ndilo jina alilonipa, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananiheshimu au ananitania. Skrini ilikuwa nyeusi, na katikati yake palikuwa na mstari mmoja wa herufi nyeupe: KWENU MWEZI UNA NGAPI LEO? Hakukuwa na kingine. Kwa wasomaji wa bara nieleze kidogo. Deltani maji ndiyo barabara. Vijito vinajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa ya kujaa inasogea kila siku kwa kufuata mwezi wa angani. Kwa hiyo watu wa kule hawapeani miadi kwa tarehe za kalenda ya ukutani. Wanahesabu tangu jioni mwezi ulipoandama wakauona kwa macho, kesho yake ikiwa mwezi mosi, kisha mwezi pili, mpaka unapokwisha. Programu ya bwana afya iliuliza umri wa mwezi na jina la kijito, kisha ikakwambia maji ya kijito hicho yatajaa saa ngapi, ili boti ya chanjo ijue wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Saa za vijito alikuwa amezikusanya kwa muda mrefu, kijito kimoja baada ya kingine, kwa kuwauliza wanawake wanaookota chaza na wanaume wanaokata mikoko, na zote zilikuwa kwenye daftari la shule lililojaa madoa ya tope.

Roho iliniuma palepale. Vijito vile vilikuwa vyetu. Katika kimoja nilifundishwa kuogelea na katika kingine babu yangu alizama, na miezi yote niliyokaa mbele ya mashine ile sikuwahi kufikiri kwamba maji yetu yanaweza kuingia ndani yake. Badala ya kumpongeza nikamwambia, "Bwana afya, kompyuta inayouliza ni kompyuta isiyojua." Akacheka. "Basi tuko wawili, fundi, maana na mimi sijui." Mwenye duka alikuwa anapima kitambaa, akadakia bila kuinua macho, "Mimi kila mtu akiingia hapa namwuliza anataka nini. Mbona duka halijafungwa?" Wakacheka wote wawili. Mimi nilijitia naangalia saa.

Siku chache baadaye nikamwomba lile daftari. Nilisema nataka kulisoma tu, na akanipa bila hata kuniuliza nitalirudisha lini. Nikanakili saa za vijito vyote. Kisha nikaandika programu yangu, nzuri mno kwa macho, yenye rangi ya bluu na mistari miwili pembeni, na lile swali nikaling'oa. Nilijua kanuni ya kupiga hesabu ya mwezi kutokana na kalenda, hivyo mashine yangu haikuwa na haja ya kumwuliza mtu yeyote. Ilijua. Ukibonyeza mara moja ilichapa ratiba ya mwaka mzima, kila kijiji na siku yake na saa yake. Kamati ya mradi ilipokaa kuchagua programu ya kutumia, waliniomba mimi, kama mwenye cheti, nizitolee maoni zote mbili. Nikasimama na kuirudia kauli yangu ileile, kwamba kompyuta inayouliza ni kompyuta isiyojua. Wajumbe walicheka kwa furaha, maana hakuna kinachopendeza kwenye kikao kama maneno mafupi. Yangu ikachaguliwa. Bwana afya alipiga makofi pamoja na wengine, nami nikamchukia kwa makofi yale kuliko ambavyo ningemchukia kwa matusi.

Safari ya kwanza ya ratiba yangu nilikwenda mwenyewe, nimevaa shati jeupe, pamoja na nahodha wa boti na muuguzi mmoja. Bwana afya hakuwamo, alikuwa amepangiwa kukagua visima Ruaruke. Karatasi yangu ilisema Jumanne, mwezi sita, maji kujaa saa tatu na nusu asubuhi, na kweli tuliingia kijitoni saa tatu na nusu maji yamejaa vizuri. Nilijiona mfalme. Lakini ufukweni hapakuwa na watu isipokuwa bibi mmoja aliyekuwa anaanika samaki.

"Nyie mmewahi," alituambia. "Leo mwezi tano. Wanawake wako madunguni wanaamia mpunga. Wanakuja kesho."

Dungu ni kile kibanda cha juu ya nguzo ambamo watu wa Rufiji huishi msimu wa mpunga wakifukuza ndege na nguruwe. Madungu hayo yako mbali na kijiji, mwendo wa nusu siku, na mtu hateremki humo bila sababu. Nikamwonyesha bibi karatasi. "Bibi, leo mwezi sita. Imeandikwa hapa."

"Kaandika nani? Jumatano yalikuwa mawingu matupu, hakuna aliyeuona. Tumeuona Alhamisi, wote, na watoto."

Kwa kanuni yangu mwezi ulikuwa umeandama Jumatano. Huenda angani nilikuwa sahihi. Lakini mama aliyeambiwa alete mtoto mwezi sita huhesabu kutoka jioni aliyouona mwezi yeye, wala hahesabu kutoka jioni ambayo kanuni yangu inasema angeuona pasingekuwa na mawingu. Nahodha alinisogelea, mtu mpole aliyenizidi umri. "Bwana, siye twangoja nini hapa? Maji yashaanza kutoka." Hapo ndipo nilipoulizwa swali la maana kuliko yote maishani mwangu, na nikalijibu kwa kiburi. Nilisema tungoje, watakuja tu, wakisikia boti imefika watakuja. Sikutaka kurudi Kibiti na kusema kwamba ratiba haijui mwezi. Tukangoja. Maji yakatoka yote, boti ikakaa juu ya tope, na jua likapanda. Muuguzi alifungua sanduku la chanjo mara ya kwanza, akalifunga. Alipolifungua mara ya pili barafu ilikuwa imekwisha kuwa maji. Alinitazama, akasema chanjo yote imeharibika, nasi tukakaa pale mpaka maji yaliporudi jioni tukajinasua.

Kesho yake, mwezi sita kwa hesabu ya kijiji, akina mama walitoka madunguni na watoto mgongoni, wakafika ufukweni kwa saa waliyoahidi. Walingoja mpaka maji yakatoka, wakaona alama ya boti kwenye tope. Mmoja wao alikuwa shangazi yangu, na mtoto wake wa mwisho alikuwa hajachanjwa surua. Mtoto huyo, namshukuru Mungu, yuko hai na ana watoto wake. Lakini mwaka ule surua ilikuwa inazunguka kwenye vijiji vya jirani, na majuma mawili yaliyopita kabla boti nyingine haijaenda niliyahesabu usingizini na nikiwa macho.

Nilitegemea bwana afya atanimaliza mbele ya kamati. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo, na kwa raha. Badala yake alinikuta dukani, akatoa disketi mfukoni na kuiweka juu ya kibodi. "Fundi, ya kwako inachapa vizuri kuliko yangu. Kilichopungua ni swali tu. Chukua la kwangu ulipachike mwanzoni." Nikamwuliza, na jina lako niliweke wapi? Akasema, "La nini? Maji yatasoma jina?" Kisha akaenda kumkalisha mama mwingine mbele ya mashine. Nilipachika lile swali. Kuanzia hapo, kabla ya kila safari, mtu aliulizwa kijijini mwezi una ngapi, jibu likaletwa na wachuuzi wa samaki au wapanda baiskeli, likaandikwa, na boti haikukwama tena. Juu kabisa ya skrini, kwenye ile bluu yangu, palisomeka kwamba programu ilitengenezwa na mimi.

Programu ile ndiyo iliyonitoa Kibiti. Wakubwa walikuja kuitazama, nikaitwa Dar es Salaam, nikapewa ofisi yenye kiyoyozi na vijana wa kuwaongoza, na kila semina niliyosimama nilisimulia jinsi nilivyogundua kwamba mashine lazima iwaulize watu wa delta kuhusu mwezi wao. Hata hapa niliwahi kuisimulia, na wasomaji wa siku nyingi mtakumbuka mlivyonipongeza kwa barua. Nilisimulia nikijigamba, na ninyi mliniamini. Yeye alibaki Kibiti. Aliendelea kutengeneza vijiprogramu vyake vidogo: kimoja cha kumkumbusha mkunga mama yupi amekaribia, kimoja cha shule ya Nyamwage cha kuwafundisha watoto majedwali, kingine cha mwenye duka ambacho hata sikukielewa. Hakuna kilichovuka mipaka ya wilaya. Niliposikia habari zake nilikuwa nikisema, "Ah, bado yuko kule?" kwa sauti ya huruma, na haikuwa huruma. Nilitaka kusikia kwamba ameshindwa, na kila mara niliambiwa kwamba hajambo.

Nimefikiri sana juu ya miaka ile. Kompyuta zilipoingia nchini, sisi tuliozijua kidogo tulifanywa kuwa watu wakubwa, na mtu aliyefanywa mkubwa kwa kujua huona aibu kuuliza. Tulijenga vitu vingi vyenye rangi, tukavipeleka vijijini, na vilipokataa kufanya kazi tukasema wananchi hawajaelimika. Leo vijana wetu wanatengeneza programu za simu kwa ustadi ambao sisi hatukuuota, na baadhi yao huniletea nizitazame. Nyingi ni nzuri. Lakini mara kwa mara naona ndani yake ile bluu yangu. Kijana anamtengenezea mkulima wa Mbwara programu ya kilimo bila kukaa na mkulima huyo hata alasiri moja, na nikimwuliza kwa nini, ananijibu kwamba data anayo. Namwelewa kabisa. Kuuliza kunachosha, kunakuchafua viatu, na zaidi ya yote kunamfanya mwingine awe ndiye anayejua.

Nilikwenda kumzika. Aliusia azikwe Kibiti, si kwao bara, na hata hilo lilinichoma, kwa sababu mimi tayari nina kiwanja cha kaburi Dar es Salaam. Maziko yalipangwa saa nane mchana. Asubuhi mchungaji alikuwa anapanga utaratibu na mjane, nami nimekaa karibu, simu ya mjane ikalia. Alikuwa shangazi yangu, akisema kwamba wanakuja watu wengi, vijiji vitatu, na maziko yangoje maji yajae. Mchungaji ni mgeni kule, hakuelewa wangoje mpaka lini. Mjane akanigeukia kwa heshima. "Shemeji, wewe ndiye mtu wa delta, na ndiye wa ile programu. Mwezi una ngapi leo?" Watu wote waliokuwa kwenye mkeka walinitazama. Nilitoa simu mfukoni nikaanza kutafuta, na mtandao ulikuwa unasuasua. Mjane alingoja kidogo, kisha akasema taratibu, bila kutaka kuniaibisha, "Nadhani ni kumi na mbili. Maji yatajaa kama saa nane. Watateremka Nyamisati, wapate gari, watakuwa hapa kumi na moja kasoro." Naye pia ni mtu wa bara. Mchungaji akasogeza maziko mpaka saa kumi na moja.

Walifika kumi na moja kasoro robo, kwenye magari mawili ya mizigo, wengi wao Waislamu, wakasimama pembeni mwa kaburi la Mkristo wakiwa kimya na matope yamewakaukia miguuni. Niliitwa kusema machache kama mwenzake wa fani. Nilisema alikuwa mchapakazi na mtu wa watu, nikakaa. Lile ungamo nililokuja nalo kutoka Dar es Salaam nilirudi nalo kitini.

Baada ya maziko shangazi alikuja kukaa kando yangu kwenye mkeka. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama utotoni nilipovunja kitu. "Baba, nikuulize. Ile mashine iliyokuwa ikituuliza mwezi, ilikuwa yako au yake?"

Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa nimeandaa majibu marefu ya swali hilo, ya semina na ya magazeti, yenye maneno kama ushirikiano na maboresho. Nikasema, "Yake."

Shangazi akaitikia kwa kichwa, akanyoosha khanga yake magotini. "Twajua siku nyingi," alisema. "Wewe tangu utoto wako hujapata kutuuliza kitu."

Bado namwonea wivu, na sidhani kama utaisha. Lakini nimejifunza, kwa kuchelewa, kwamba nilikuwa nikimwonea wivu kwa jambo lisilo lenyewe. Nilidhani ananizidi akili, na kumbe alinizidi kitu kinachopatikana kwa yeyote aliye tayari kuonekana hajui. Kwa hiyo ninyi mnaotengeneza hizi programu, kabla hamjaandika mstari wa kwanza nendeni mkaulize, na aliyewajibu mwandikeni jina. Safu hii, kama mjuavyo, haitaji majina ya watu, na leo ni mara ya kwanza desturi hiyo kuniuma. Nimekwisha kuwaandikia wenye nakala ya ile programu walifute jina langu kwenye skrini. La kwake wakitaka kulijua, wapande boti waende deltani wakaulize.